Heko, Hitilafu ya Kamera

Watu husifu simba, mbuga na reli mpya. Hitilafu ya kamera haijapata wa kuisemea, ilhali kule Mikumi na Kilosa imewatumikia wapiga picha kwa uaminifu wa ajabu: haichelewi, haitoi udhuru, na hujitokeza palepale bibi harusi anapoingia ukumbini.

Adabu inayo. Kwenye Canon huandika "Err 01" tu, yaani kamera na lenzi hazielewani, kisha hunyamaza. Hupunguza majivuno. Huokoa betri.

Lakini sifa yake kuu ni kukuza utalii. Kamera nzima haitoki Mikumi. Leo sendofu, kesho picha za pasipoti. Ikiugua tu, safari. Huviringishwa kanga, hutiwa kwenye boksi la sabuni, huandikwa namba ya simu kwa maka peni na kukabidhiwa konda. Barabara kuu ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, hivyo mgonjwa hupita katikati ya twiga na pundamilia bila kulipa kiingilio, yumo gizani ndani ya buti. Mwenzake wa Kilosa, tangu 2024, anaweza kupanda treni ya umeme. Dar nako spea ikikosekana, safari husogea hadi Nairobi au Dubai. Mwenye kamera, anayeishi kwa kupiga wenzake picha za pasipoti, yeye mwenyewe pasipoti hana.

Apongezwe nani, basi, kama si kituo cha huduma? Pale kaunta hulipwa kwanza "gharama ya uchunguzi", kabla bisibisi haijagusa skrubu. Baada ya wiki kadhaa za "piga kesho", hukumu hutoka: vumbi limeingia, waranti haipo tena.

Vumbi! Kana kwamba kamera iliuzwa Kilosa kwa sharti la kukaa kabatini. Mwaka 2012 Nikon ilitoa D600 ambayo sensa yake ya kunasa mwanga ilijaa madoadoa, na wanunuzi wa nchi zisizo na vumbi la Kilosa wakalalamika vilevile. Mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuzisafisha na kubadilisha shata bure. Mwaka 2005 ilibainika kwamba sensa zilizotengenezwa na Sony, zilizotumiwa na kampuni kadhaa, zilikuwa zikiharibika kwenye joto na unyevu. Nazo zikarekebishwa bila malipo. Kosa la kiwandani lipo, basi, na hukiriwa pale wateja wanapopiga kelele wakiwa wengi. Mpiga picha mmoja wa Mikumi hupewa somo la vumbi na bili.

Bili yenyewe huja kamera ikiwa imeshafunguliwa. Kwenye barabara ileile ya hifadhini upo ubao wa faini za kugonga wanyama, na twiga amewahi kuandikwa dola 15,000. Dereva anajua bei kabla ya ajali. Mteja wa kamera hajui hata baada yake, na akikataa kulipa hurudishiwa kamera imepungua skrubu.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kumwita konda, futa vigusio vya lenzi, vile vinavyogusana na kamera, kwa kitambaa laini kikavu. Wakati mwingine Err 01 huishia hapo. Ikigoma, dai bei ya juu kabisa kwa maandishi, na namba ya kamera iandikwe kwenye risiti. Kituo kikikataa kuandika, chukua kamera yako uondoke nayo.