Marahaba, Zima Maiki

Darasa langu la mtandaoni huanza saa mbili usiku, na lina kiingilio chake: shikamoo. Kila anayeingia anawasha maiki anitolee shikamoo, nami nitaachaje kuitikia? Marahaba, zima maiki. Marahaba, zima maiki. Aliyekatikiwa na mtandao akirudi anaanza upya: "Shikamoo tena, mwalimu." Programu yenyewe ya bure, ikifika dakika ya 40 inatutoa wote nje, na hapo ndiyo kwanza nageukia debiti na krediti. Tukiingia tena, kinachofuata mnakijua.

Tulipopigwa semina ya kufundisha kwa mtandao, mwezeshaji alikazania wanafunzi wawashe kamera, tuonane nyuso. Mwezeshaji ana waifai ya ofisi. Wanafunzi wangu wananunua bando la jero, na video inalimaliza kabla sijamaliza kuita majina. Basi nafundisha vijisanduku vyeusi. Darasani mtu akisinzia ninamwona, ninamtupia swali akiwa bado na udenda. Huku nauliza "Tuko pamoja?" kama mhubiri, na anayeitikia ni jogoo wa nyumba fulani asiyejua saa.

Juzi nikamtaja kijana mmoja aeleze maana ya uchakavu wa mali. Akawasha maiki, tukasikia wote: "Konda, shusha hospitali!" Konda akajibu hospitali imeshapita, alikuwa wapi? Swali zuri sana, hata mimi nililitaka. "Samahani mwalimu, mtandao unasumbua," akasema, akazima.

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni kuambiwa kufundisha kwa mbali ni mambo mapya, tuzoee. Mapya? Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha watu wazima wapatao milioni 2 nchini kwa redio. Walikaa vikundi, redio katikati, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana na kiongozi wao mwenye kijitabu, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyedaiwa kamera.

Kwa hiyo hotuba nimeacha. Natuma sauti fupi WhatsApp, wa daladala aisikilize humo humo. Wanajadiliana wanne wanne, halafu kila mtu anakwenda kuandika hesabu za siku moja za biashara ya jirani yake. Saa mbili usiku tunazibishania hizo hizo. Shikamoo zimehamia kwenye maandishi, naziitikia zote kwa mkupuo mmoja, na anayeona nimemdharau akanishtaki kwa mama yake.

Hesabu zimeanza kuingia. Kijana wa daladala kaleta za mama ntilie wa mtaani kwao: mchele, mkaa, maharage, mafuta, kila kitu kwa mwandiko mzuri, ila upande wa mauzo mtupu. Nikamuuliza mauzo yako wapi. Anasema alipofikia hapo mama alimtazama sana, akamuuliza nani kamtuma, akaondoa na sahani ya wali mezani.