Pshiii, Kisha Kimya

Kaka mwenye Subaru ya turbo, tumekusikia. Ile valvu uliyofunga ili itoe “pshiii” nje kila unapoachia mafuta, mtaa mzima unaijua, hata watoto wachanga. Ila hewa unayoimwaga ilikwisha kupimwa na sensa; kompyuta ya injini inaitilia petroli, kumbe yenyewe imeshajiendea zake. Petroli inazidi kiasi, mzunguko wa injini unaporomoka, gari linazima kwenye mataa. Umebadilisha plagi, pampu, hata fundi (maskini, alikwambia mapema). Valvu ya kiwandani, inayoirudisha hewa hiyo kwenye bomba la kuingilia, umeitupa stoo. Ifunge tena, kaka. Tuko nyuma yako kwenye foleni, na honi zetu hazina turbo.