Mchuzi wa Kujipatia Sifa Usizostahili

Jumapili wakwe wanakuja, na wewe tangu uanze kujitegemea umelelewa na chipsi mayai. Tulia. Mchuzi mzuri hautaki kipaji. Unataka vitunguu, nyanya, mafuta, chumvi na uongo kidogo, na uongo wenyewe nitakuonyesha pa kuutia. Karibu kila hatua ina njia ya mkato. Ni moja tu isiyo nayo, na tukifika hapo nitakushika mkono.

Kwanza kabisa, usipike nyama. Anayeanza akichanganya kuiva kwa nyama na kukolea kwa mchuzi, vyote viwili humponyoka. Pika mchuzi mtupu, halafu tafuta cha kutumbukiza. Mayai ya kuchemsha yanatosha na hayajawahi kumwaibisha mtu. Ukitaka heshima zaidi, nunua kuku wa kukaanga kwa yuleyule muuza chipsi wako, na umwambie asiweke pilipili wala kachumbari. Kama uko Dar es Salaam, pita Feri uchukue samaki waliokwisha kukaangwa palepale sokoni. Watazama mchuzini dakika 5 za mwisho, wanywe viungo, na hakuna atakayejua kwamba hawakuanzia sufuriani humo.

Pili, nunua nyanya ambazo wenzako wanazikimbia. Masalo, ndiyo. Zile laini, nyekundu mpaka ndani, ambazo muuzaji amezitenga pembeni kwa bei ya kutupa. Zilizoota ukungu au zinazotoa harufu ya kuchacha mwachie mwenyewe. Zilizolainika tu ndizo zako. Nyanya ngumu ya kachumbari ni nzuri kwa macho, lakini sufuriani inaleta uchachu na inagoma kupondeka. Chukua 6 kwa vitunguu 3 vikubwa. Usihangaike kumenya: kata kila nyanya katikati, ikwaruze kwenye kile cha kukwaruzia karoti, na ganda litakubakia mkononi.

Sasa vitunguu. Hapa, ndugu yangu, hakuna ujanja.

Katakata vidogovidogo. Weka mafuta vijiko vikubwa 5 na usiyahurumie. Moto uwe wa wastani, kisha nyunyiza chumvi kidogo ili vitunguu vitoe maji upesi. Dakika za mwanzo utasikia sufuria inatokota badala ya kukaanga, na utadhani umekosea. Hujakosea. Kitunguu karibu chote ni maji, na maji yakiwamo joto linagota kwenye nyuzi 100. Kinachofanyika humo ni kuchemsha tu. Rangi ya kahawia inataka joto kubwa kuliko hilo, kwa hiyo haianzi mpaka maji yaondoke. Hapo ndipo wengi wanaoanza wanapokata tamaa. Dakika ya 5 wanamwaga nyanya juu ya vitunguu vyeupe, wanakula mchuzi unaonuka kitunguu kibichi, halafu wanalaumu nyanya.

Wewe subiri, na utege sikio. Sauti itabadilika yenyewe: kutokota kutapungua, mafuta yataanza kuchachatika kwa sauti kavu, nyembamba. Kingo zitageuka rangi ya dhahabu. Punguza moto, koroga bila kuchoka, ufike hadi pembeni mwa sufuria. Vikianza kugandia chini usiogope. Tia kijiko kimoja cha maji, kwangua kwa mwiko, na ile rangi iliyogandia itayeyuka irudi kwenye vitunguu. Hiyo ndiyo ladha ambayo mama mkwe wako ameipikia miaka yote. Inachukua dakika 15, wakati mwingine 20. Simu iache chumbani. Vikiwa vyeusi, mwaga uanze upya, kwa sababu uchungu wa kitunguu kilichoungua haufunikwi na kitu. Ujanja pekee ninaoujua ni wa tarehe: vikaange vingi siku ambayo huna mgeni, viweke kwenye friza, na Jumapili uonekane una mkono mwepesi.

Yanayofuata ni rahisi. Kitunguu saumu na tangawizi, vilivyotwangwa au vya kununua tayari, pamoja na kijiko kidogo cha bizari, kwa dakika 1 tu. Kisha kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo. Ikaange kwenye mafuta mpaka iive rangi, maana kopo likitiwa mwishoni linajitangaza. Mimina nyanya zako, acha zichemke. Usiangalie saa, angalia mafuta. Yakijitenga na kupanda juu, yenye rangi ya machungwa, nyanya zimeiva. Mgeni anayejua kupika atatazama hayo mafuta kabla hajagusa kijiko.

Kuhusu vile viungo vya pakiti, Royco na jamaa zake, wako watakaokuambia kwamba ni aibu. Usiwasikilize. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alitenga kutoka kwenye mwani kile kinachoipa supu utamu wa kushika ulimi, glutameti, na nyanya iliyoiva sana imejaa hicho hicho. Kidonge cha mchuzi kinaongeza tu kilichomo tayari. Tia nusu, onja, ndipo ufikirie chumvi. Vidonge vingi vina chumvi nyingi, na kosa la kutia vyote viwili kwa pamoja huonekana mezani.

Mchuzi ukiwa mwepesi, utie unga wa ngano, lakini usiunyunyize mkavu kwenye mchuzi wa moto. Unga ukikutana na joto ghafla, nje yake huiva na kujifunga huku ndani umebaki mkavu, ndipo unapata madonge. Koroga kijiko 1 cha unga kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka ulainike, mimina polepole huku unakoroga, kisha uache uchemke dakika 5 ili ubichi uishe. Kiazi kilichochemshwa na kupondwa kinafanya kazi ileile. Siagi ya karanga nayo ni tamu mno, ila waulize wageni kwanza kama yuko asiyepatana na karanga.

Tui, kama unalitaka, ni la kopo. Litie mwisho, moto mdogo, bila kifuniko, na mwiko usitulie, maana likichemka kwa nguvu litakatika na mchuzi wote uonekane umechacha. Mbuzi ya kukunia nazi iazime kwa jirani, uiache mahali wageni wanapopita. Usiseme neno. Wageni wana macho.

Ajali zipo, na nyingi zina jina zuri. Mchuzi ukikauka, uite rosti na upike chapati. Ukibaki mwepesi, upakue juu ya wali. Wali hunywa kila kitu. Chumvi ikizidi, ongeza tui au nyanya zisizo na chumvi. Kile kiazi kizima cha kutumbukiza hakichagui chumvi peke yake, kinanyonya na maji yake, kwa hiyo usikitegemee. Mchuzi ukiungulia chini, usikoroge wala usikwangue: hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine, na ile ya chini iloweke nje ya nyumba.

Usipakue mapema. Mchuzi ukae umefunikwa, jiko limezimwa. Ukisikia hodi, washa moto, tupia majani ya kotimiri, fungua kifuniko, ndipo uende mlangoni. Mama mkwe akishaitikia shikamoo yako, pua yake itakuwa imekwisha fika jikoni.

"Mwanangu, umetia nini humu?"

"Kawaida tu, mama. Vitunguu na nyanya."

Si uongo. Ukimtajia orodha ndefu ataanza kuchunguza. Ukisema "kawaida tu" atadhani ni kipaji, na huko nyumbani kwao utasimuliwa. Wifi akishikilia kwamba lazima kuna siri, mwambie unavikaanga vitunguu dakika 20. Hataamini, na siri itabaki salama.

Wakitaka kuingia jikoni kukusaidia vyombo, wakatalie kwa adabu: "Nyie ni wageni wangu leo, kaeni." Makopo, pakiti na karatasi za muuza chipsi ziwe zimeshatoka nje tangu asubuhi. Na mchuzi uliobaki sufuriani uache upoe, uingie kwenye friji, kwa kuwa tui halikawii kuchacha. Ukilala humo viungo vitazidi kukolea, na kesho kwa chapati utakuwa mtamu kuliko ule waliokula wageni. Huo usimgawie mtu.