Mshauri Mkuu Anajibu: Kobe Asiyekula Mjini Leicester

Elimu ya kumpasha joto kobe anayefugwa ndani ya nyumba ni tawi la maarifa ambalo, hadi kuanzishwa kwa safu hii, lilikuwa limeachwa mikononi mwa wauza balbu, watu wenye mapenzi makubwa kwa balbu na yasiyo makubwa sana kwa kobe. Kwa sababu hiyo, barua iliyoletwa na dada mmoja mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa sasa anaishi Leicester nchini Uingereza, imepewa nafasi yote ya toleo hili. Dada huyo anafuga kobe wa madoa, yaani yule wa nyika za Mashariki na Kusini mwa Afrika ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis, aliyeanguliwa huko huko Ulaya kwa wafugaji; majira ya baridi yameingia, kobe amepunguza kula na hushinda amejikunyata pembeni mwa sanduku lake, mume wa dada amependekeza jiwe la umeme la kupasha tumbo, na swali lililoulizwa ni moja tu, nalo ni inunuliwe balbu ya wati ngapi.

Swali ni zuri na litajibiwa, lakini haliwezi kujibiwa kabla ya kueleweka limeulizwa kwa nani. Mshauri wa safu hii si mtu wa kujisifu, na kazi hiyo huiachia aya inayofuata.

Katika mabaraza ya kahawa ya pwani yote inafahamika kwamba ubishi hunyamaza mshauri anapopita, ingawa mahasidi hudai kwamba hunyamaza kwa kuchelea asije akaketi. Heshima yake miongoni mwa kobe ni kubwa zaidi, tena haina mahasidi. Katika kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako wanaishi kobe wakubwa wa asili ya Aldabra ambao wazee wao waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, ilishuhudiwa kobe mmoja wa makamo akinyoosha shingo na kumwelekea mshauri kwa unyenyekevu ulio wazi, na kwamba mshauri wakati huo alikuwa ameshika fungu la mchicha ni jambo lisilo na uzito wowote wa kitaaluma. Lenye uzito ni mwenendo wa wanyama hao asubuhi: hutoka kivulini, huuacha mgongo upokee jua, na joto likishatosha huondoka, kwa kuwa kobe ni mnyama ambaye mwili wake hauzalishi joto la kutosha kujipasha, hivyo hulikopa kutoka nje na hulazimika kuwa na mahali pa kulikimbia kabla deni halijamuunguza.

Ukweli huo ndio uliothibitishwa na tiba ya kwanza ya mshauri, ambayo ni sweta la sufu lenye matundu manne ya miguu, moja la shingo na moja dogo la mkia, lililofumwa na mama mkwe wake kwa rangi za klabu ambayo haitatajwa ili amani idumu. Sufu huzuia joto lililomo mwilini lisitoke, na kwa kuwa ndani ya kobe hakuna joto la kuzuiwa, mnyama aliyevikwa sweta hubaki na ubaridi wake, tena huchelewa kupata moto hata taa iwashwapo. Upungufu huo ni wa kobe. Sweta lenyewe lilifumwa vizuri na lilimkaa barabara.

Pendekezo la jiwe la umeme linastahili kujibiwa kwa upole unaomfaa shemeji. Kobe ameumbwa kutarajia joto kutoka juu, liliko jua, na silika yake inapomtuma kutafuta ubaridi humtuma ajichimbie chini. Mahali palipo na jiwe la moto, silika hiyo humpeleka kwenye moto wenyewe, huku uzito wake wote ukiwa umelalia gamba la tumbo, ambalo lina mishipa ya fahamu na linaungua kama ngozi iunguavyo. Shemeji na alitumie jiwe lake kwa ajili ya miguu yake mwenyewe. Bado afadhali jiwe hilo kuliko pendekezo la jirani mmoja wa mshauri, mfugaji wa kuku anayejiona mtaalamu kwa sababu amelea vifaranga kwa jiko la mkaa, kwani mkaa unaoungua katika chumba kilichofungwa madirisha, na mjini Leicester mwezi wa Januari hakuna mwenye akili anayeyafungua, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua kobe na mwenye kobe bila kubagua. Jirani huyo alikwishaelezwa haya, akajibu kwamba kuku wake hawajawahi kulalamika.

Waingereza nao wana mtaalamu wao wa zamani, kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne, ambaye kitabu chake cha mwaka 1789 kingali kinasomwa, na ambaye alimrithi kobe aitwaye Timothy kutoka kwa shangazi yake, akaandika kwa makini jinsi mnyama huyo alivyojizika bustanini kila mwanzo wa baridi. Sifa za White haziwezi kukanushwa, ila yafaa ikumbukwe kwamba baada ya kifo cha Timothy ilibainika kuwa alikuwa jike, kosa ambalo mshauri wa safu hii asingelifanya, kwa kuwa yeye huwaita kobe wote “mheshimiwa” na suala hilo halizuki. Linalomhusu dada wa Leicester ni kwamba Timothy alikuwa wa ukoo wa kobe wa pwani za Mediterania, ambao hulala usingizi mrefu wa majira ya baridi, ilhali kobe wa madoa hana usingizi huo: akiachwa katika ubaridi halali bali hudhoofika, chakula hukwama tumboni bila kusagwa, na pua huanza kutoa mapovu, dalili ya maradhi ya mapafu.

Tiba ya pili ya mshauri, kumweka kobe dirishani mchana kutwa huku akisomewa tenzi, ilivutia majirani wengi, na tatizo lake pekee lilikuwa kioo. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga lakini huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ya kundi B, ile yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315 ambayo ngozi ya kobe huitumia kutengeneza vitamini D3. Vitamini hiyo ikikosekana, kalsiamu ya chakula haifyonzwi ipasavyo, na mifupa na gamba hulainika. Kwa hiyo lazima iwepo taa ya miale hiyo mbali na taa ya joto, nayo hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12 kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa miale hufifia huku mwanga ukiendelea kung'aa na kumdanganya mwenye nyumba. Tenzi zinaweza kuendelea.

Usiku taa zote huzimwa, kwani kobe anahitaji giza, na balbu nyekundu zinazouzwa kwa madai kwamba haoni wekundu zinastahili kurudishwa dukani, maana anauona vizuri sana. Chumba kikipoa kupita kiasi hutumika kipasha joto cha kauri, yaani kifaa kinachofungwa kama balbu lakini kisichotoa mwanga, ambacho uso wake huweza kupita nyuzijoto 200 na kwa hiyo huhitaji holda ya kauri, kwa kuwa ile ya plastiki huyeyuka, pamoja na kizimba cha waya cha kukizunguka. Kifaa hicho huunganishwa na thamostati, chombo ambacho kwa kihisi kilichowekwa sandukuni hupima joto na kupunguza au kukata umeme likifikia kiwango kilichowekwa; mama mkwe wa mshauri, ambaye hutoka sebuleni mazungumzo yanapochemka na kurejea yakipoa, hufanya kazi hiyo hiyo bila umeme, lakini hakodishwi. Taa hutundikwa kwa mnyororo ulioshikiliwa imara darini au kwenye fremu, kamwe si kwa waya wake wala kwa kibanio, kwa kuwa kibanio huteleza, taa huanguka kwenye nyasi kavu, na nyumba huteketea. Kwa sababu hiyo hiyo kanga ambayo mshauri alikuwa ameichagua kwa ajili ya kupamba sanduku, yenye jina la kuwasuta wauza balbu, itatundikwa ukuta wa mbali, na king'ora cha moshi kitawekwa darini katika chumba hicho.

Hapo ndipo ingefuata historia ya maisha ya mshauri, kuanzia ujana wake, lakini mhariri, mtu asiye na subira wala kobe, ametoa taarifa kwamba nafasi imekwisha. Kwa ufupi, basi: sanduku liwe refu na wazi juu, taa ya joto iwe upande mmoja tu ili upande wa pili ubaki na nyuzijoto 22 hadi 25, taa za mchana ziwake kwa muda wa saa 12 kila siku, usiku joto lisishuke chini ya nyuzijoto 18, na sahani pana yenye maji ya kina kifupi isikosekane, kwa kuwa taa hukausha hewa na gamba la kobe mchanga anayekua katika ukavu huota vinundu. Ama kuhusu wati, balbu ya haloji ya wati 75 yafaa kuanzia, ikitundikwa kama sentimita 40 juu ya gamba, kisha kipimajoto kiwekwe chini yake kwa kimo cha mgongo wa kobe, si sakafuni, na baada ya saa moja mnyororo upandishwe au ushushwe, au balbu ibadilishwe, mpaka kisomeke kati ya nyuzijoto 32 na 35. Kobe asipoanza kula katika siku chache, au pua ikitoa povu leo, apelekwe kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao, na ikiwa ushauri wa daktari huyo utatofautiana na wa safu hii, dada afuate wa daktari bila kuuandikia uongozi wa gazeti.