Skrini Inapepesa, Kila Mtu Daktari

Kwetu Myanga, mtu anayeshinda na laptopu ni mmoja kati ya watatu: mwalimu, karani wa chifu, au yule anayewajazia vijana fomu za mkopo wa HELB. Mimi si yeyote kati yao, ila naitwa mwalimu na naitika. Nikianza kueleza kwamba naandika programu za watu nisiowahi kuwaona, kwenye skrini nyeusi isiyo na picha wala kitufe cha kubofya, maswali yanayofuata huwa ya polisi.

Skrini hiyo ndiyo iliyoanza kupepesa. Uko katikati ya mstari, kidole kimeshaelekea kitufe, mara maandishi yote yanatoweka na kurudi kabla hujamaliza kushtuka. Yanarudi vile vile, herufi kwa herufi, na kishale kimetulia pale pale, hakijui lolote. Ukimwita mtu aje aone, haipepesi. Akikupa pole na kuondoka, anapofika mlangoni inapepesa. Kuna maradhi yanayomfanya mgonjwa aonekane mwongo, na haya ni mojawapo.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa shemeji. "Ni macho, shem. Ukikodolea weusi hivyo mchana kutwa, macho yanachoka yanajifunga yenyewe." Nikaambiwa nile karoti. Kijana wa bodaboda aliyekuja kuleta gesi akasema ni plagi. Pikipiki yake nayo ilikuwa ikikatakata hivyo hivyo mpaka akaibadilisha. Fundi wa simu pale sokoni alisema ni waya wa skrini, ule unaopita kwenye bawaba, na kwamba anao, ila utatoka Nairobi. Mjomba wangu wa Kitale, aliyetengeneza televisheni tangu enzi za zile zenye mgongo, alinisikiliza kwa simu mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Umeipiga ubavuni?"

Lakini hukumu iliyopata wafuasi wengi ilikuwa ya posho mill. Jirani yetu anayo, ya stima, na ikianza kusaga taa zetu zinafifia. Nani alihitaji ushahidi zaidi? Mwenye mashine mwenyewe alikiri bila kubishana. "Mwalimu, utanisamehe, ni msimu wa mavuno," akasema, na siku hiyo akanisagia debe la mahindi bila malipo. Sikuona sababu ya kuharakisha uchunguzi.

Kukhu, nyanya yangu, hakujiunga na kundi lolote. Alivuta kiti, akaketi nyuma yangu na redio yake mapajani, akataka nimwoneshe mashine inavyofunguliwa tangu mwanzo. Nikafungua Vim, kihariri ninachotumia. Vim ikifunguliwa bila faili huandika maneno machache katikati ya skrini, na katika toleo langu kuna ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Kukhu hajui Kiingereza, lakini neno Uganda analisoma bila miwani. Amelizoea kwenye malori yanayokwenda Malaba, na ana jamaa zake Mbale. "Kumbe mashine yenyewe ni ya magendo," akasema.

Laptopu niliinunua Nairobi na risiti ninayo. Ila Vim ina Uganda ndani yake kweli. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa kwa umma mwaka 1991, alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, akajitolea mwaka mzima katika kituo cha watoto, kwenye eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi. Aliporudi kwao akaanzisha mfuko uitwao ICCF Holland wa kuwasaidia watoto wale. Vim ikabaki ya bure, na kila aliyeipenda akaombwa awakumbuke watoto wa Kibaale. Mzee Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Basi kwa miaka mingi waandishi wa programu, toka California hadi Tokyo, wamekuwa wakiamkuliwa asubuhi na Uganda, na nina hakika wengi wao hawawezi kuigusa kwenye ramani. Kukhu angewaonesha kwa kidole tu, kule jua linakotua.

Nilipomsimulia, alitafakari, kisha akatoa uamuzi: mtu aliyelea mayatima hawezi kuwa ameacha nyuma kitu kinachopepesa. Mkosaji atafutwe kwingine.

Wakili mzuri, lakini kwenye programu tabia njema haikubaliwi kuwa ushahidi. Ilibidi nitazame skrini inavyochorwa. Kihariri cha aina hii hakichori picha. Kinatuma herufi moja baada ya nyingine, na kati ya herufi kinachomeka maagizo: peleka kishale mstari wa 10, badilisha rangi, futa skrini nzima. Terminali, yaani ile skrini nyeusi, inatii kwa mpangilio ule ule. Agizo la kufuta likitangulia, na maandishi mapya yakachelewa hata kidogo, jicho linaona weusi. Kupepesa kwenyewe ndiko huko.

Wazee wa kazi hii waliogopa kufuta. Bill Joy alipoandika vi, babu yake Vim, huko Berkeley mwaka 1976, alikuwa akifanya kazi nyumbani kupitia laini ya simu ya baudi 300, yaani herufi 30 hivi kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 ina herufi 1,920. Ukiifuta yote na kuichora upya kwa mwendo huo, unangoja zaidi ya dakika moja, muda unaotosha kuchemsha maji ya chai. Kwa hiyo kihariri kilifundishwa ubahili: kiguse palipobadilika tu, kwingine kusiguswe. Leo tuna mitambo ya kasi na ubahili umesahaulika, mpaka ukutane na mtu wa Myanga. Vim yangu haikai kwenye laptopu. Iko kwenye seva ng'ambo, na kila herufi ninayoiona imevuka bahari ikaja kumalizikia kwenye bando la simu lililosalia kidogo. Agizo la kufuta linaweza kufika sasa na maandishi yakafika baadaye kidogo, kama abiria na mzigo wake waliopanda matatu tofauti.

Nikaamua kumwandikia mwenzangu wa kazini aliye ng'ambo, mjuzi wa mambo haya. Nilimtumia picha ya skrini. Akajibu kwa adabu kwamba anaona skrini nzuri kabisa, na kweli, kwa kuwa picha iliyoganda haina namna ya kupepesa. Nikapiga video kwa simu. Kamera ya simu husoma picha mstari kwa mstari, na mwendo wake haulingani na wa skrini, hivyo kwenye video kukatokea mikanda myeusi inayoteremka polepole toka juu hadi chini, ambayo kwa macho haipo. Jibu likaja upesi likiwa na furaha: amekwisha kuiona shida, ni skrini imekufa, ninunue nyingine. Fundi wa pale sokoni alipata mwenzake.

Halafu stima ikapotea, Myanga nzima. Posho mill ikanyamaza, friji ya duka ikanyamaza, na mimi nikaendelea na kazi kwa betri na data ya simu. Skrini ikapepesa. Posho mill ikawa haina hatia, jambo ambalo sikulitangaza, maana unga wa msamaha ulikuwa umeshaliwa.

Utulivu ule ndio uliomaliza kesi. Kukhu alikuwa nyuma yangu akingoja habari za saa saba, redio yake ya mawe haijali stima. Ikapiga ile milio ya saa, pi, pi, pi, na katika mlio wa mwisho, ule mrefu, skrini ikapepesa. "Umeona?" nikasema. "Nimesikia," akajibu. Tukaizima redio, tukakodolea saa ya simu yake. Namba ilipobadilika, skrini ikapepesa. Ikabadilika tena, ikapepesa tena. Kumbe ilikuwa inatokea kila dakika inapogeuka, mara moja tu, na hakuna mtu mwenye shughuli zake aliyekuwa tayari kutazama skrini nyeusi dakika nzima. Wote walichungulia sekunde chache, wakanihurumia, wakaenda.

Kitu kinachofuata dakika ni saa. Hapo uchunguzi ulianza kufanana na uchunguzi. Nikafungua kihariri kwa kuandika vim --clean, amri inayokifungua kikiwa uchi, bila mipangilio yoyote ya mwenye nyumba. Dakika ikageuka, skrini kimya. Nikarudisha nusu ya mipangilio, kimya. Nusu ya pili, ikapepesa. Nikaigawa hiyo nayo nusu kwa nusu, hadi ikabaki programu-jalizi moja ndogo, ya bure, iliyoandikwa na mtu mwema, ambayo kazi yake pekee duniani ni kuandika saa kwenye kona ya chini kulia. Ndani yake, baada ya mistari ya kuangalia kama dakika imebadilika, kulikuwa na hii:

redraw!

Tazama hiyo alama ya mshangao. Vim ikiambiwa redraw, inachora upya bila kelele. Ikiambiwa redraw! inafuta skrini nzima kwanza, ndipo ichore. Yaani ili 12:59 iwe 13:00, herufi zote nilizoandika zilikuwa zinafukuzwa na kurudishwa, kutoka ng'ambo hadi Myanga, kwa bando langu. Kulikuwa na amri nyingine, redrawstatus, ambayo ingegusa ule mstari wa chini peke yake.

Ripoti ya pili niliiandika kama mtu aliyekwisha kuteseka: toleo la Vim, jina la terminali, kwamba nimeunganishwa na seva kwa SSH kwenye mtandao wa mwendo wa pole, kwamba inapepesa dakika inapogeuka, kwamba kwa --clean haipepesi, na mstari wenyewe. Mwenye programu-jalizi akajibu kwa sentensi ambayo kila aliyewahi kuripoti hitilafu anaijua kwa moyo: kwake haitokei. Alikuwa anasema kweli. Vim yake iko ndani ya laptopu yake, kufuta na kuchora vinafika pamoja, na terminali yake ni mojawapo ya zile za sasa zinazoelewa agizo namba 2026, linaloiambia terminali isioneshe chochote mpaka mchoro ukamilike. Nikamwomba aunganishe kwa seva ya mbali kupitia simu, akae mahali penye mtandao dhaifu, angoje dakika igeuke. Aliona. Akaiondoa amri ile, akaweka redrawstatus, akatoa toleo jipya. Kukhu alipoambiwa kwamba Mholanzi ametoka bila doa, alisema hilo alilisema mapema na hakuna aliyemsikiliza.

Nawe skrini yako ikianza kupepesa, tafadhali usimtumie mtu video. Mwandikie toleo, terminali, njia uliyounganishiwa, na saa inapotokea, na zaidi ya yote mwandikie ni lini haitokei. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, na ndiyo itakayookoa pesa za skrini mpya.