Fungeni Macho, Mnione

Waheshimiwa, bamama na bapapa wa Sange, fungeni vitambaa! Mimi nimeshafunga changu cha hariri. Ninyi kitenge kitawatosha. Leo nawafundisha kutazama ngoma bila macho: kwa masikio, kwa viganja, kwa nyayo. Elimu hii nimeivumbua mwenyewe. Yule Mskochi, Evelyn Glennie, aliyepoteza usikivu utotoni na ambaye hupiga ngoma peku ili aisikie kwa miguu, ameniiga mimi, ingawa alianza kabla sijazaliwa.

Vueni viatu. Vyangu havivuliwi: nilivinunua Bujumbura, soli yake nene vidole vitatu, na muuzaji alinitambua papo hapo kuwa msomi. Akanipandishia bei.

Turudi kwangu. Jumapili iliyopita, arusini, wapigaji waliovuka mto Ruzizi waliingia na ngoma vichwani. Mchezo huo wa ngoma za kifalme za Burundi, UNESCO iliuandika mwaka 2014 kuwa urithi usioshikika. Usioshikika! Mimi niliushika. Nilikipeleka kiganja moja kwa moja kwenye ngozi, na mpigaji naye alikuwa ameshashusha fimbo. Bandeji hii si urembo, ni shahada.

Kisha nikahesabu ngoma: 12. Wenyewe wanasema huwa witiri siku zote. Sawa, ya 13 ni moyo wangu. Nikatambua pia, katika ngoma ya pembeni, mikono laini ya mwanamke. Mzee mmoja akanikumbusha kwamba tangu 2017 amri ya rais wa Burundi inawakataza wanawake kuzipiga. Nikamjibu: Mzee wangu, amri husomwa kwa macho, nami nilikuwa nimeyafunga.

Alikuwapo bibi mmoja kipofu, ameketi mkekani, viganja chini. Akadai kwamba ngoma ziitwazo amashako hazipumziki, kwamba ile ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoamuru, na nyingine, ibishikizo, huifuata. Eti mlio wa ngoma hugonga kifua, lakini mchezaji akiruka na kutua, kishindo chake hupanda mifupani. Na yule wa tatu, akasema, anauonea huruma mguu wa kushoto. Watu wakatazama: kijana anachechemea. Bahati tu, ndugu zangu. Bibi wa watu hana hata kitambaa, ataitwaje mtaalamu?

Kuhusu ngoma yenyewe nilikuwa na maneno mawili, lakini nisikieni... Makofi! Yanaanzia kule milimani, yanashuka mabati kwa mabati, yanakuja kwangu. Asanteni, asanteni! Sijawahi kupigiwa makofi yanayolowesha mabega.

Na nyayo! Leo hata soli hii imesalimu amri: nasikia kishindo cha watu wote, wameinuka kwa pamoja, wanakimbia.

Msinigombanie, wapendwa. Mmoja mmoja.