Foleni Oyee!

Kila aliyerudi kutoka Paris husifu mnara. Wengine husifu mikate, wengine Mto Seine, na wenye uwezo husifu manukato. Sijamsikia hata mmoja akiisifu foleni, ilhali ndiyo inayompokea mgeni asubuhi, ikashinda naye na kumsindikiza jioni. Huo ni ukosefu wa fadhila. Mimi na familia yangu tulikaa Paris Jumamosi moja na Jumapili yake, na nikipiga hesabu bila kujipendelea, saa tisa katika siku hizo mbili tulikuwa tumesimama nyuma ya mgongo wa mtu. Mwenyeji aliyekukirimu saa tisa huwezi kuondoka bila kumtaja.

Tuanze na nasaba, maana hasifiwi mtu bila kutajwa kwao. Wafaransa huiita mkia, neno lile lile la mkia wa ng'ombe, na Waingereza walipokosa jina zuri zaidi wakaliazima hilo hilo. Sisi letu tulilipata kwenye gwaride, kwa amri ya Mwingereza ya kuwapanga askari. Ndiyo sababu Mswahili akiambiwa apange foleni hunyoosha mgongo kwanza, kisha hutafuta upenyo wa kupita pembeni. Jirani zetu wa Kenya wana mlolongo, ambao mwaka 1988 ulipandishwa cheo ukachagua wabunge: wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea wao wakahesabiwa vichwa, na kuna mahali mkia mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Foleni ya Paris haina mizengwe hiyo. Ikiwa ndefu, ni ndefu, na kila mtu anaiona.

Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, binti wa miaka kumi na mitano, kitinda mimba wa miaka saba, na mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kututembelea Rotterdam. Kukata tiketi za kuingilia mtandaoni ilikuwa kazi yangu, nami niliisahau. Mke wangu ana neno lake kwa kitendo hicho, na alilitamka mbele ya watoto. Lakini tazama uzembe wangu ulivyozaa.

Mwenye tiketi yenye saa yake hupita chini ya Mnara wa Eiffel mbio mbio, macho kwenye simu, asije akapitwa na zamu. Sisi tulikuwa na mikia miwili ya kuimaliza, wa ukaguzi wa mifuko na wa tiketi, kwa hiyo chuma kile tulikisoma kama gazeti la jana, mpaka matangazo ya vifo. Binti ndiye aliyegundua kwamba chini ya baraza ya kwanza pana maandishi. Ni majina 72, kumi na manane kila upande, ya wanasayansi na wahandisi ambao Gustave Eiffel aliwapa heshima hiyo mnara ulipojengwa, kati ya 1887 na 1889. Alipomwona Coulomb alipiga kelele kana kwamba ameona mjomba wake: ndiye yule wa kitabu cha fizikia! Baadaye akamwona Ampère. Ilipopita nusu saa akauliza mbona wote ni wanaume. Hatukuwa na jibu, na tulikuwa na muda mrefu wa kutokuwa nalo. Sophie Germain, aliyeshinda tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1816 kwa hesabu zake za mitetemo ya mabamba, hayumo katika wale 72. Waliotutangulia kwa tiketi zao walikuwa wameshapanda, wameshashuka na wameshanunua vijinara vya kuning'iniza funguo. Sidhani kama waliliuliza hilo.

Hapo hapo mstarini ndipo tulipojua kwamba mnara wenyewe ulipewa kibali cha miaka 20 tu. Ungebomolewa mwaka 1909 kama usingepata ajira ya kubeba mawimbi ya redio. Na siku ya jua kali chuma chake hutanuka, mnara ukarefuka kwa sentimita kadhaa. Foleni siku hiyo hiyo hurefuka kwa mita.

Lakini bingwa wa safari alikuwa mama mkwe. Yeye katika jambo hili ni mhitimu. Alikuwa mke kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni na khanga zilipokuwa hazionekani madukani, na foleni ya duka la ushirika ikianza kabla ya adhana ya alfajiri. Enzi hizo mtu hakusimama mwenyewe muda wote, aliweka jiwe. Jiwe lako likiwa la tano, wewe ni wa tano, hata kama uko nyumbani unanyonyesha. Kwa hiyo tulipofika kwenye jumba la makumbusho la Louvre, mbele ya lile piramidi la vioo la mwaka 1989, akaona mkia ulivyojikunja uwanjani, hakushtuka hata kidogo. Tulimwomba ashike nafasi, sisi tukampeleka kitinda mimba chooni. (Vyoo vya mitaani vya Paris ni bure tangu 2006, na kila akitoka mtu chumba hujifunga kikajiosha chenyewe, hivyo huko nako pana foleni, fupi lakini yenye hisia kali.)

Tuliporudi tulimkuta mama mkwe kaketi kwenye ukingo wa bwawa, anakula karanga. Nafasi yetu alikuwa ameiachia kikapu chake cha ukili. Watu wa mbele ya kikapu na wa nyuma yake walikuwa wamekikimbia, pakabaki uwazi wa kuchezea rede, na askari watatu wa doria, bunduki vifuani, walikuwa wakikitazama bila kupepesa. Binti alitoka mbio akakikumbatia. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, vitumbua na khanga ya kujifunika baridi ikija. "Si nimeweka jiwe?" mama mkwe akauliza, akishangaa sisi kushangaa. Binti, kwa Kifaransa chake cha shuleni, akawatafsiria askari neno kwa neno: bibi anasema alikuwa ameweka jiwe. Maelezo hayo hayakusaidia, ikabidi yatafutwe mengine. Mwishowe mmoja wao alicheka. Na nafasi yetu? Hakuna aliyethubutu kuichukua. Katika miaka yote ya sukari ya mgawo, mama mkwe alisema, hakuwahi kuona jiwe linaloheshimiwa namna ile.

Sasa wapo watakaosema foleni ni kero tu ya kufikia picha, na kwamba bila picha isingekuwapo. Nawajibu kwa historia ya jumba lile lile. Tarehe 21 Agosti 1911, siku ya Jumatatu, fundi Mwitalia aitwaye Vincenzo Peruggia alimtoa Mona Lisa ukutani akaondoka naye. Hakupatikana hadi Desemba 1913, mjini Florence. Louvre ilifungwa kwa wiki moja. Ilipofunguliwa watu walimiminika, wakajipanga kwenda kuangalia ukuta mtupu na kulabu zilizobaki. Mwandishi Franz Kafka na rafiki yake Max Brod walikuwa miongoni mwa waliofika mwezi uliofuata. Picha haipo, foleni ipo! Anayebisha kwamba foleni ndiyo mwenye nyumba na picha ni mpangaji, alete hoja.

Mona Lisa mwenyewe, tulipomfikia, ana ukubwa wa mto wa kulalia: sentimita 77 kwa 53. Tulimwona kwa muda wa kupiga picha tatu, mbili zikiwa za kofia ya kijani ya bwana aliyetutangulia. Mama mkwe, aliyekuwa amechoka kutazama visogo, aligeuka nyuma. Na hapo ndipo alipoiona harusi. Ukuta wa pili wa chumba kile umebeba Harusi ya Kana, mchoro wa Paolo Veronese wa mwaka 1563, upana wake karibu mita kumi na kimo chake karibu mita saba, ulioporwa Venice na majeshi ya Napoleon. Ni mkubwa kuliko nyumba nyingi nilizopanga. Kuna wapiga muziki, mbwa, watumishi wanaomimina vinywaji, watu zaidi ya mia kwa jumla, na umati mzima wa chumba umewapa mgongo. "Harusi yote hii," akasema, "na watu hawaitazami!" Kisha, kama mtu anayejua sherehe, akauliza bibi harusi yuko wapi. Tulimtafuta kwa zamu huku mkia ukitusukuma kuelekea mlangoni. Yuko mwisho kabisa wa meza, pembeni kushoto, na bwana harusi wake. Mama mkwe alisema hata Tanga ameona harusi za namna hiyo, ambapo wakubwa hukaa katikati na wenye shughuli husukumwa pembeni.

Ningeweza kuendelea. Ningetaja kwamba foleni haitozi kiingilio, na kwamba Louvre hufungwa Jumanne lakini foleni siku hiyo huhamia kwingine tu. Ningemtaja bwana mwenye saa ya bei mbaya aliyesimama nyuma yetu, jua lile lile, akakubali kitumbua cha mama mkwe, kisha akakubali cha pili.

Picha pekee tuliyo nayo watano pamoja alitupiga yule wa kofia ya kijani. Nyuma yetu hauonekani mnara wala piramidi. Wanaonekana watu kama mia hivi, wanasubiri. Tumeitundika sebuleni. Nawe ukienda Paris na familia, sahau tiketi. Beba maji, karanga na mama mkwe.